Unyayo wa Kuku Kwenye Sukari

Mimi nina kisukari, huu mwaka wa kumi na moja, na kabati langu la sukari lilikuwa na kufuli. Cheka tu, wenzako wote wamecheka. Daktari mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Sukari siigusi, wageni hawaji, naishi peke yangu na redio, lakini ufunguo ulikuwa shingoni kwa uzi mweusi, kama mama yangu alivyouvaa, na kama mama yake alivyouvaa kabla yake. Ukiniuliza nilikuwa namfungia nani, na mimi nitakuuliza wewe umefuata nini nyumbani kwangu.

Kazi yangu ni upishi. Tena si upishi wa kubahatisha: mimi ndiye mkuu wa jiko la hospitali, wagonjwa mia tatu na ushee kila siku iendayo kwa Mungu. Uji wa asubuhi, wali, maharage, supu ya waliopasuliwa. Jikoni wananiita Afande, na wakiniita hivyo naitika. Sijawahi kumpunja mgonjwa hata kijiko. Niliyempunja ni binti yangu, wa tumbo langu, na ninaye huyo huyo mmoja.

Alipopata akili aliolewa mbali, na dereva wa malori, akaacha kuja. Miaka minane. Simu zilikuwa za sikukuu tu, na hizo nazo alizungumza kama mtu anayesoma tangazo la kukatwa kwa maji. Basi mwezi ule akapiga siku isiyo sikukuu. Mimba ya pili ilikuwa inamsumbua, madaktari wameamua alazwe mpaka ajifungue. Mumewe yuko safarini, mama mkwe alishatangulia mbele ya haki, na mtoto wake wa kwanza, msichana wa miaka saba, hana pa kukaa.

"Mama, sina mtu mwingine," akasema. Hakusema tafadhali. "Jirani atakuletea Kidoti. Lakini sharti ni moja. Kabati lisiwe na kufuli. Usimfungie mwanangu chakula, usimpimie, na usimchoree ule mdudu wako. Ukimfanyia uliyonifanyia mimi, hutamwona tena, yeye wala huyu aliye tumboni. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Ningesema nini? Mjukuu mwenyewe nilikuwa namjua kwa picha.

Huo anaouita mdudu si mdudu, ni unyayo wa kuku. Unasawazisha sukari kwenye kopo mpaka iwe laini juu, kisha kwa mpini wa kijiko unachora mistari mitatu inayokutana chini. Unafunika. Atakayechota, atavuruga. Na asijidanganye kwamba ataurudishia, kwa sababu mkono wa mtu ni kama sauti yake, mwenyewe utaujua kuwa si wako. Kufuli linamzuia mwizi, unyayo unamtaja. Na kwetu sheria ilikuwa moja, haikuandikwa popote na hakuna aliyeisahau: aliyevuruga hali. Siku hiyo hali chakula, anakaa pale pale mezani awaangalie wenzake wanavyokula.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa nilipokuta unyayo umevurugwa. Akakana. Nikamwambia mwizi lazima akane, ndiyo kazi yake ya pili. Nikamkalisha mbele ya sahani yangu, nikala wali na samaki nikimwangalia, na alipolia nikamwambia machozi yana chumvi, ayafanye kitoweo. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Kesho yake nikakumbuka kwamba sukari niliichota mimi mwenyewe, alikuja mwenye nyumba nikampikia chai. Unadhani nilimwomba radhi? Thubutu! Nani aliwahi kumwomba mtoto radhi katika ukoo wetu? Nilimpa kipande cha samaki kikubwa kuliko siku zote nikajiona nimemaliza. Hakukigusa. Alikipeleka kwa paka.

Na kuna jambo ambalo binti yangu alikuwa halijui, wala mama yangu alikufa halijui. Bibi yangu, mzaa mama, mimi ndiye niliyemuuguza mwisho wake. Mchana mmoja nilikuwa namnywesha uji, akausukuma mkono wangu akasema, "Ule unga nilikula mimi."

"Unga gani, Bibi?"

Mwaka wa njaa, akasema. Yeye alikuwa na miaka minane, mdogo wake wa kiume minne. Baba yao alikuwa ameondoka kutafuta chakula na hakurudi. Mama yao akitoka alfajiri kwenda kuchimba mizizi, unga wa mwisho anauacha kwenye kibuyu, juu amechora unyayo wa kuku. Siku hiyo bibi yangu akala konzi mbili, mbichi. Mama yao aliporudi akauliza nani, na yule mdogo akacheka, maana alikuwa na tabia ya kucheka akiogopa. "Nikamnyooshea kidole," bibi akasema. Mama yao akasema aliyevuruga hali. Siku ile yule mdogo hakula. Siku ya pili bado alikuwa anacheka akiulizwa, hakula. Asubuhi ya tatu wakamkuta wa baridi.

"Mama hakulia," bibi akaniambia. "Alisawazisha unga, akachora upya."

Akaniapisha nisiseme. Sikusema. Na unajua nilifanya nini jioni ile nilipofika kwangu, nimetoka kusikia hayo kwa masikio yangu? Nilikwenda kukagua kopo langu.

Haya. Sharti ni sharti. Kabla Kidoti hajafika nilimwita fundi seremala wa mtaani, akaling'oa komeo na kufuli lake. Kabati likabaki na matundu manne ya misumari, likanikodolea macho. Ufunguo nikautupa chooni ili nisijijaribu. Siku mbili nzima mkono ulikuwa unakwenda shingoni wenyewe, haukuti kitu.

Kidoti akaja, na kidoti chake cheusi juu ya mdomo, na maswali yake. Nilimwita mke mwenzangu, akauliza mume wetu ni nani, nikamwambia ni babu yako aliyekufa, akasema basi afadhali, maana yeye hataki kupika. Mtoto mwenye mdomo huyo! Alifungua kabati alipotaka. Alikula mkate akiwa amesimama, akamwaga sukari, akaacha kopo wazi sisimizi wakaingia. Nilikuwa natoka nje kwenda kuanika nguo ambazo tayari zilikuwa kavu, ili nisiseme. Usiku nalala mikono nimeilalia. Lakini sikufunga, sikupima, sikuchora. Jirani yangu akaniambia nimenawiri. Kweli nilikuwa nimenawiri, nilikuwa nacheka mwenyewe njiani kama mwehu.

Sasa sikiliza nilipokosea, na usiniambie wewe ungeona. Ilikuwa likizo ya shule, mtoto sina wa kumwachia, nikawa nakwenda naye kazini. Namkalisha juu ya kreti karibu na mlango wa stoo, anamenya karoti. Na stooni kuna pipa la sukari na pipa la unga, na kwenye mapipa hayo nilikuwa nachora miaka ishirini na mbili. Sharti lilikuwa la nyumbani kwangu. Kazini ni kazini. Ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia vizuri, kwa sababu kujiambia ninakujua.

"Bibi, unaandika nini kwenye sukari?"

"Unyayo wa kuku. Ili mwizi ajulikane. Pakiwa na watu wengi, mke mwenzangu, au akiingia mgeni usiyemjua tabia, unachora kwanza, halafu unamkaribisha."

Wiki ya pili, Jumanne, nikakuta pipa limevurugwa. Nikawapanga mstari wote wa jikoni. Sikufika mbali: yule mwosha sufuria, tunamwita Mama Pacha, pembe ya kanga yake ilikuwa na fundo, na fundo lina sukari. Vijiko vitano, labda sita.

"Nisamehe, Afande," akasema. "Uji mtupu wanangu wameukataa siku ya tatu leo. Mmoja anatapika."

"Hospitali si shamba la baba yako."

"Najua, dada yangu."

"Aliyevuruga hali," nikasema.

Ilikuwa zamu ndefu. Saa saba wenzake walipopewa sahani zao, Mama Pacha aliendelea kusugua masufuria, mgongo umetugeukia. Mmoja alitaka kummegea, nikamtazama, akaacha. Kidoti akaacha karoti.

"Bibi, yule hali?"

"Hali. Ndiyo sheria."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa hesabu. Mimi nikafurahi kwamba mtoto ana adabu.

Kesho yake akaomba achore yeye. Nikampa mwiko. Ukawa unyayo safi kuliko wangu, mistari imenyooka, kisigino kimekaa. Wanawake wakampigia makofi, "Afande mdogo huyo!" nami nikavimba kichwa. Tangu hapo pipa likawa lake. Mama Pacha hakupiga makofi. Alikuwa anaosha.

Binti yangu akajifungua salama, mtoto wa kiume. Siku kumi na moja baadaye lori la mumewe likasimama mlangoni, akawashusha, akaenda kupakia mzigo kwenye ghala la barabara kubwa. Binti yangu alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, lakini niliangalia begi kwanza. Begi lilikuwa kubwa. Si begi la kulala siku mbili, lilikuwa begi la mwezi mzima, na beseni la kuogeshea mtoto juu yake. Nikaliingiza ndani haraka, nisije nikaharibu kwa maneno.

Aliingia moja kwa moja jikoni. Akalifungua kabati, akalifunga, akalifungua tena. Akapitisha kidole kwenye yale matundu manne, moja moja. Kisha akanigeukia, akatabasamu. Miaka minane, na kabla ya hapo sijui mingapi.

"Mama, umeweza," akasema.

Nikajifanya natafuta kiberiti. Akasema nikae, leo chai atapika yeye. Mtoto mchanga akalazwa kwenye kochi karibu na mlango wa jiko, Kidoti akakaa pembeni yake kumfukuzia nzi. Maji yakachemka. Binti yangu akachukua kopo la sukari, akafungua kifuniko, na mkono wake na kijiko ukasimama hapo hapo.

"Mama," akasema. "Hata wiki tatu umeshindwa?"

Nikainuka nikachungulia. Unyayo wa kuku, katikati kabisa, mistari imenyooka, kisigino kimekaa.

"Haki ya Mungu si mimi! Naapa kwa kaburi la mama yangu..."

"Kaburi la mama yako liache lilivyo. Huko ndiko yalikotoka."

"Mwanangu, nisikilize, sikuchora, tangu siku ile..."

"Ni mimi, Mama," Kidoti akasema kutoka kwenye kochi. Hakuogopa, alikuwa anajisifu. "Nimechora mimi. Bibi alinifundisha kazini, mimi ndiye nachora pipa."

"Umechora kwa nini?" mama yake akauliza.

"Kwa ajili yake." Akamwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Ni mgeni. Hatujamjua tabia."

"Huyu? Hana hata jino."

"Yataota," Kidoti akasema.

Nikakaa kwenye ndoo. Na hapo ndipo nikasema. Sijui kwa nini hapo, baada ya miaka yote hiyo, labda nilidhani nikimpa ukweli atauchukua kama malipo. Nikamwambia habari ya kibuyu, na konzi mbili, na mtoto aliyecheka, na asubuhi ya tatu. Nilisema kwa sauti ya chini, Kidoti asisikie. Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, amekishika kile kijiko.

"Bibi yako alikwambia lini?" akauliza.

"Mwaka aliokufa."

"Mimi nilikuwa nimezaliwa?"

"Bado."

Akafikiri. Nilimwona anavyopiga hesabu, nami nikajua inaelekea wapi, na sikuwa na pa kukimbilia katika jiko lile dogo.

"Kwa hiyo siku ile uliponikalisha mbele ya sahani yako," akasema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua kwamba mtoto alikufa hivyo hivyo."

"Nilikuwa najua, mwanangu."

Ningependa kusema alipiga kelele. Kelele ningeziweza, mimi na kelele tumezoeana. Alimwambia Kidoti aende chumbani akakusanye nguo zake. Akamimina chai, akatia sukari vijiko vitatu, akainywa amesimama, maana anayenyonyesha lazima anywe hata kama amekasirika. Kisha akachukua simu akatoka uani. Nikamsikia akimwambia mumewe, "Usiende mbali. Rudi utuchukue." Akamsikiliza. "Hapana. Hatukai."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa bado juu ya ndoo.

Kidoti akarudi na mfuko wake wa nguo. Akaenda kwenye kopo, kama nilivyomzoesha kila asubuhi kukagua pipa kabla ya kazi. Akachungulia. Akanyanyua uso, akanitazama mimi, akatazama mlango wa uani, kisha akamgeukia mdogo wake pale kochini. Mtoto alikuwa macho, anapiga miguu hewani, na mdomo umekaa kama watoto wachanga wanavyoukaza wakiwa na gesi tumboni. Ukimwangalia haraka ungesema anacheka.

Kidole cha Kidoti kikanyooka.

"Ni yeye," akasema. "Bibi, ona, anacheka. Aliyevuruga hali. Leo asinyonye."

Nimeona watu wakifa, nafanya kazi hospitali. Sijawahi kusikia baridi kama ile. Niliinuka kwenye ndoo nisijue nimeinukaje.

"Si yeye," nikasema. "Nimekula mimi."

"Wewe huli sukari, Bibi. Una kisukari."

"Nimekula mimi, nakwambia! Mtoto hajala kitu."

"Unamtetea." Akakunja uso, na uso ule alioukunja ulikuwa wangu mwenyewe, ule niliowakunjia watu mbele ya sufuria za hospitali miaka ishirini na mbili. "Mwizi lazima akane, na mwenzake lazima amtetee. Ulisema."

Sikumbuki kama nilisema. Lazima nilisema.

Nikachukua kijiko. Nikachota sukari, kilima, nikakitia mdomoni mbele yake. Nikatafuna. Nikachota cha pili. Miaka kumi na moja sijauonja utamu huo, na sitakudanganya, ulikuwa mtamu, na machozi yakanitoka nisijue ni ya utamu au ya nini. Nikachota cha tatu, punje zikanigandia midomoni na kwenye kidevu.

"Umeniona?" nikamwambia. "Nimekula mimi. Yeye hajala. Sema."

"Umekula wewe," Kidoti akasema.

"Na yeye?"

"Yeye hajala."

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Sijui alikuwapo tangu lini. Simu mkononi, kifua kimelowa maziwa.

"Mama, unataka kufa?" akasema.

Mdomo ulikuwa umejaa. Nilidhani atakuja kuninyang'anya kijiko. Alipita, akambeba mtoto, akakaa kwenye kochi, akamnyonyesha. Alimnyonyesha mpaka lori likapiga honi.

Mumewe aliingia kuchukua begi na beseni, akanisalimia, "Shikamoo, mama," akiangalia chini, maana wanaume hawapendi kuingia katikati ya hayo. Nikaitikia marahaba. Binti yangu alipofika mlangoni akasimama. Akasema nikapime sukari leo leo, nisingoje kesho. Nikamwambia nitapima. Nikamuuliza watakuja lini. Akalipanga vizuri shuka la mtoto, akashuka ngazi.

Kidoti alinyanyuliwa mpaka kwenye kiti cha mbele, karibu na dirisha. Akashusha kioo. Watoto wengine hupunga mkono, husema kwaheri Bibi. Yeye alitoa kichwa nje, akakumbuka kitu, akanipigia kelele katikati ya moshi wa lori, mtaa mzima ukasikia:

"Bibi! Aliyevuruga hali! Usile!"

"Sili, mke mwenzangu," nikaitikia.

Nikarudi ndani. Wali ulikuwa tayari, nilikuwa nimewapikia wote, na samaki. Nikaweka sahani mezani, nikakaa mbele yake mikono mapajani, nikaiangalia mpaka ikapoa. Sikula.